Vizuizi vya vimeng'enya katika ngano: nani anamzuia nani?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu. Sura yake hubadilika lakini kiini ni kilekile: ngano ina "vizuizi vya vimeng'enya", kwa hiyo mkate haumeng'enywi, unakaa tumboni ukioza. Mara nyingi mwisho wa ujumbe kuna ushauri wa kununua unga fulani au kuacha mkate moja kwa moja. Sasa chukua pakiti ya kiboreshaji cha mkate, igeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta neno lilelile, vimeng'enya, na safari hii mwokaji amevinunua kwa hela yake. Msomaji anabaki njia panda. Kama ngano inazuia vimeng'enya, mwokaji anavitia vya nini? Na kama anavitia na mkate unaumuka vizuri, hivyo vizuizi viko wapi?

Kwamba ngano ina vizuizi ni kweli, na kwamba mwokaji anaongeza vimeng'enya ni kweli pia. Mkanganyiko unakuja kwa kuwa tunalitaja neno "kizuizi" kama vile linajitosheleza. Halijitoshelezi. Kizuizi ni cha fulani dhidi ya fulani, kama kesi ya mahakamani, na ukiacha kutaja upande wa pili hujasema kitu. Katika makala hii kila kizuizi kitakachotajwa kitaulizwa swali hilo moja: unamzuia nani?

Tuanze na maneno yenyewe. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu ya kuharakisha badiliko moja la kikemia, na katika habari za unga badiliko hilo karibu kila mara ni kukata: kukata wanga uwe sukari, kukata protini iwe vipande, kukata nyuzi za kuta za seli. Jina linalotumika katika lugha za Ulaya limetokana na Kigiriki, na maana yake ni "ndani ya chachu", kwa hiyo mkate umo ndani ya elimu hii tangu siku ya kwanza. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alitoa mfano ambao walimu hawajauacha hadi leo: kimeng'enya ni kufuli na kitu kinachokatwa ni ufunguo. Umbo lisipolingana, hakuna linalotokea. Ndiyo maana kimeng'enya cha kukata wanga hakigusi protini hata ukikiweka nayo kutwa nzima.

Kizuizi, basi, ni kijiti kilichovunjikia kwenye tundu la kufuli. Kufuli ni zima, ufunguo ni uleule, lakini hauingii. Na kijiti nacho lazima kiwe na unene wa tundu hilo. Kinachokwama kwenye kufuli la kabati kinaweza kupita bila kugusa popote kwenye kufuli la geti. Hilo ndilo jambo ambalo ujumbe wa simuni huliacha nje.

Kwa nini mbegu ijipe taabu ya kutengeneza vijiti? Punje ya ngano ni ghala. Sehemu kubwa yake, zaidi ya asilimia 80, ni akiba nyeupe ya wanga na protini aliyowekewa mche mchanga ili ale mpaka atoe majani yake mwenyewe. Pembeni kuna kiini, ambacho ndicho mche wenyewe ukiwa umelala, na nje kuna tabaka za pumba. Akiba ya namna hiyo haikosi wavamizi. Fukusi na viwavi wa ghalani wana vimeng'enya vya kukata wanga ndani ya matumbo yao. Ukungu hauna meno wala tumbo, kwa hiyo unatema vimeng'enya vyake mbele yake ili viyeyushe kuta za seli, kisha unapita. Mmea hauwezi kukimbia wala kupiga. Ulichoweza kufanya ni kulihifadhi ghala likiwa na vijiti vya kukwama kwenye makufuli ya wezi.

Lakini mmea una shida ambayo mwenye ghala la kawaida hana. Siku mbegu ikiota, nao unahitaji kukata wanga huohuo kwa vimeng'enya vyake. Kijiti kinachokwama kwenye kila kufuli kingemfungia nje mwenye nyumba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vizuizi vya ngano imetengenezwa kwa vipimo vya wageni: wadudu, ukungu, bakteria na, kwa bahati tu, wanyama na binadamu, kwa kuwa amilesi zetu, yaani vimeng'enya vyetu vya kukata wanga, zina umbo linalokaribiana na za wadudu.

Kuna jaribio la jikoni linaloonyesha vitu hivi vinakaa wapi. Kanda unga wa ngano na maji kidogo upate donge gumu la ukubwa wa ngumi, liache nusu saa, kisha lioshe ndani ya bakuli la maji huku ukilibonyeza taratibu. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Yamwage kwenye chombo kingine, weka mapya, endelea. Baada ya dakika kama kumi utabaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika kama mpira: hiyo ni gluteni, protini inayoshika gesi na kuupa mkate umbo. Maji meupe yaliyotoka yakitulia, wanga unazama chini na juu kunabaki maji yaliyofifia, kama hayana kitu. Humo ndimo mlimo na vizuizi vingi. Ni protini ndogo zinazoyeyuka, tofauti kabisa na gluteni, ingawa baadhi hung'ang'ania kwenye mpira ule hata uoshe vipi. Watu wengi wanaochanganya gluteni na vizuizi wangeondokewa na mkanganyiko huo kwa bakuli moja la maji.

Sasa twende kwenye donge lenyewe, maana huko ndiko mkate unakopatikana au kuharibika.

Hamira inataka sukari. Unga una sukari kidogo tu iliyo tayari, asilimia moja au mbili ya uzito wake, na hamira huimaliza mapema. Baada ya hapo inategemea maltosi, sukari inayotoka kwenye wanga. Fikiria wanga kama shanga ndefu zilizotungwa kwa uzi, nyingine zenye matawi. Beta-amilesi inakaa kwenye ncha ya uzi na kudondosha shanga mbilimbili. Hizo mbilimbili ndizo maltosi. Alfa-amilesi inakata katikati popote, na kila inapokata inazaa ncha mpya za beta-amilesi kuanzia. Ngano nzima isiyoota ina beta-amilesi ya kutosha na alfa-amilesi chache mno. Zote mbili hupata shida kuingia kwenye chembe ya wanga ambayo haijapasuka, kwa hiyo jiwe la kusagia linasaidia: chembe zilizovunjwa na kinu ndizo zinazoliwa kwanza.

Kwa sababu ya uhaba huo, wasagaji na waokaji wa nchi nyingi huongeza alfa-amilesi kidogo, ama kwa njia ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, ama kwa kimeng'enya kilichovunwa kwenye ukungu uitwao Aspergillus oryzae. Hapa mtu anayesoma ujumbe wa simuni angetarajia vita: vizuizi vya ngano vikinyanyuka na kuvibana vimeng'enya hivi, hamira ikafa njaa.

Vita hiyo haipo. Mwaka 1943 Eric Kneen na Rudolph Sandstedt wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walitoa taarifa ya kizuizi cha amilesi katika nafaka, na walipoendelea kukijaribu dhidi ya amilesi za asili mbalimbali picha ikawa wazi. Kilizibana amilesi za mate, za kongosho na za baadhi ya bakteria. Amilesi za kimea na za ukungu wa aina ile waokaji wanayotumia ziliendelea na kazi kama hazijasikia kitu. Familia hiyo ya protini leo huitwa vizuizi vya alfa-amilesi na tripsini (tripsini ni kimeng'enya cha kongosho cha kukata protini), na inachukua asilimia 2 hadi 4 ya protini yote ya ngano. Kundi hili ndilo linalotajwa zaidi kwenye maonyo ya mitandaoni, na ndilo ambalo donge halina habari nalo. Ukiuliza swali letu, jibu ni: linamzuia fukusi, na kwa kiasi fulani linakuzuia wewe. Halimzuii mwokaji.

Je, hakuna kijiti chochote kwa ajili ya amilesi ya ngano yenyewe? Kipo kimoja, na kina tabia ya kuvutia: upande mmoja kinabana aina fulani ya alfa-amilesi ya ngano, upande wa pili kinabana kimeng'enya cha bakteria kinachokata protini. Inaonekana kazi yake ni kuzuia ghala lisifunguke kabla ya wakati. Lakini nguvu yake ina mpaka, na mpaka huo unaonekana vizuri sana msimu wa mavuno mvua inapoikuta ngano ikiwa bado shambani. Punje zinaanza kuota zikiwa kwenye suke. Alfa-amilesi inaongezeka kwa kasi ambayo kizuizi hicho hakiwezi kuifuata; ni kama mlinzi mmoja mlangoni na umati unaotoka uwanjani. Unga wa ngano hiyo ukiutazama hauna kasoro. Donge lake halikupi onyo kubwa. Balaa linatokea ndani ya tanuri. Joto la katikati ya mkate likifika nyuzi 60 hivi, wanga unavimba na kulainika, na alfa-amilesi ya ngano bado iko hai mpaka kwenye nyuzi 70 na kitu. Katika dakika hizo chache inaukata wanga uliolainika ovyo ovyo. Mkate unatoka na ganda jekundu zuri, lakini ukiukata, kisu kinatoka na utando wa gundi, na ndani pananata kama mkate haujaiva. Niliwahi kuurudisha mkate wa namna hiyo motoni mara mbili nikidhani tanuri limenidanganya. Hata ungekaa humo saa nzima usingekauka.

Wanunuzi wa ngano hawangojei mpaka mkate unate. Wana kipimo kilichobuniwa na Msweden Sven Hagberg mwanzoni mwa miaka ya 1960, nacho ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Gramu 7 za unga na mililita 25 za maji zinatiwa kwenye mrija wa kioo, mrija unatumbukizwa kwenye maji yanayochemka, mchanganyiko unakorogwa kwa sekunde 60, kisha kijiti cha kukorogea kinaachwa kizame chenyewe. Zinahesabiwa sekunde tangu mwanzo mpaka kinapofika chini. Unga wenye wanga mzima unakuwa mzito na kijiti kinachukua sekunde 300 au zaidi. Unga wa ngano iliyoota unageuka majimaji na kijiti kinaanguka kabla ya sekunde 200, wakati mwingine kinadondoka papo hapo kinapoachiwa. Namba hiyo moja inaweza kubadilisha ngano ya mkate kuwa chakula cha mifugo, na mkulima anaijua uchungu wake.

Kama vizuizi vya ngano vingekuwa na uwezo ule unaohubiriwa, kipimo hiki kisingehitajika.

Tumefika sasa mahali ambapo vizuizi vinamgusa mwokaji kwelikweli, na ajabu ni kwamba sehemu hii haitajwi karibu kabisa kwenye mazungumzo ya watu. Inahusu kuta za seli za punje. Kuta hizo zimejengwa kwa kiasi kikubwa na nyuzi ziitwazo arabinozailani. Katika unga mweupe ni kama asilimia 2 tu ya uzito, lakini usiidharau hiyo mbili. Nyuzi hizi ni sifongo: hukadiriwa kwamba karibu robo ya maji yote ya donge huwa yameshikwa nazo. Ziko za namna mbili. Sehemu ndogo inayeyuka majini na kuyafanya maji ya donge yawe mazito, jambo linalosaidia vipovu vya gesi visipasuke mapema. Sehemu kubwa haiyeyuki. Inakaa kama vipande vya kuta vilivyobomoka, inafyonza maji yaliyotakiwa na gluteni, na kuingilia katikati ya utando wa gluteni kama mawe kwenye wavu.

Kuna kimeng'enya kinachokata nyuzi hizo: zailanesi. Kikitiwa kwa kiasi, kinazikata zile zisizoyeyuka ziwe zinazoyeyuka, maji yaliyofungwa yanaachiwa, donge linakuwa laini, mkate unapanda juu zaidi. Kikizidi, kinaendelea kuzikata mpaka zinakuwa fupi zisizoshika maji kabisa, na donge linageuka la kunata, linalotanuka pembeni badala ya kupanda. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi nyembamba, na ndani ya nafasi hiyo ndipo ngano inapoingiza vijiti vyake.

Jambo hili lilifichuka katika utengenezaji wa bia. Miaka ya 1990, Winok Debyser na Jan Delcour wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walikuwa wakichunguza jinsi arabinozailani zinavyokatwa kwenye mchanganyiko wa kimea, wakaona kwamba ngano ikiwemo, zailanesi inapungua nguvu. Kitu ndani ya ngano kilikuwa kinaibana. Taarifa yao ilitoka mwaka 1997. Miaka miwili baadaye watafiti wa Norwich, Uingereza, walieleza kizuizi cha pili cha familia tofauti, na baadaye kikapatikana cha tatu. Waza hilo: binadamu ameoka ngano kwa maelfu ya miaka, viwanda vilikuwa tayari vinauza zailanesi kwa waokaji, na hakuna aliyejua kwamba sehemu ya kilichouzwa ilikuwa inanaswa na unga wenyewe mara tu maji yanapotiwa.

Vizuizi hivi navyo ni vya kuchagua. Kile cha Leuven kinabana zailanesi za familia moja, ziwe za bakteria au za ukungu. Kile cha Norwich kinabana za ukungu na kuziacha za bakteria. Na zailanesi za ngano yenyewe haziguswi na hata kimoja, kwa sababu ileile ya mwenye nyumba na mlango wake. Basi waokaji wawili wanaweza kutia gramu sawa za kiboreshaji kutoka pakiti moja, unga wa mmoja ukawa na vizuizi vingi na wa mwingine vichache, na wakatoa mikate miwili isiyofanana. Hata mwokaji mmoja anaweza kuona tofauti akibadilisha gunia. Yule anayelaumu hamira, hali ya hewa na mikono ya msaidizi wake pengine anamlaumu mtu asiyehusika.

Kinachozidisha utata ni kwamba nguvu ya zailanesi mara nyingi hupimwa maabara kwa nyuzi safi zilizotolewa kwenye mmea, bila unga. Namba inayoandikwa kwenye pakiti ni ya kufuli kabla halijatiwa kijiti. Watengenezaji walipolielewa hilo walianza kutafuta zailanesi ambazo vijiti vya ngano haviziwezi, na pia kuzibadilisha zilizopo umbo kidogo karibu na tundu ili kijiti kisishike. Hizo zikitumika, dozi inatakiwa ipungue sana. Mwokaji anayehamia aina mpya akabaki na kijiko chake cha zamani ataona donge likimtiririka mezani.

Unga wa ngano isiyokobolewa una habari yake. Vizuizi vya zailanesi vimejaa zaidi kwenye tabaka za nje na kwenye kiini, yaani kwenye sehemu zile zinazoondolewa unga mweupe unapotengenezwa. Hilo lina mantiki, ukungu huanzia nje. Kwa hiyo dozi iliyofanya kazi kwenye unga mweupe haihamishiki hivihivi. Lakini tusivibebeshe vizuizi mzigo usio wao: mkate wa pumba huwa mzito hasa kwa sababu pumba zinakunywa maji mengi na ncha zake zinakatakata utando wa gluteni. Kulipa donge maji zaidi na muda wa kulala kunasaidia kuliko kulihesabia vizuizi.

Na mara nyingine kijiti kiko upande wa mwokaji. Juu ya punje za ngano wanaishi vijidudu vinavyotoa zailanesi zao, na sehemu ya hizo huingia kwenye unga. Kwenye donge la kuoka siku hiyohiyo hazina muda wa kudhuru. Kwenye donge la viwandani linalofungwa na kukaa kwenye jokofu wiki nyingi, zinakata taratibu, maji yanaachiwa, na siku moja kunaonekana majimaji ya kahawia yanayovuja kwenye pakiti. Hapo vizuizi vya ngano ndivyo vinavyosimama kati ya donge na uharibifu huo.

Kuhusu vimeng'enya vya kukata protini sina mengi. Ngano ina vizuizi vyake pia, na mwokaji wa kawaida hatavisikia maisha yake yote. Yuko mdudu anayeonyesha kinachotokea ulinzi ukishindwa: Eurygaster integriceps, anayejulikana sana kuanzia Mashariki ya Kati hadi Asia ya Kati. Anatoboa punje ikiwa changa na kuacha mate yake ndani. Kimeng'enya cha mate hayo kinakaa kimya mpaka unga ukandwe, kisha kinaikata gluteni, na donge linalegea mikononi kama limeyeyuka. Asilimia chache tu za punje zilizotobolewa zinatosha kuharibu unga wote.

Turudi tumboni, kwa sababu ndiko ujumbe ulikoanzia. Amilesi ya mate na ya kongosho zinabanwa na vizuizi vya ngano, hilo lilionekana tangu miaka ya 1940. Lakini kilichopimwa kwenye mrija hakitokei vilevile kwenye sahani. Tanuri linapunguza nguvu ya vizuizi hivyo, ingawa haliimalizi yote, kwa kuwa protini hizi zimefungwa vifundo vingi vya ndani vinavyostahimili joto. Kongosho nalo linamwaga amilesi nyingi kuliko inavyohitajika. Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka Marekani mwaka 1982, wakati vidonge vya kuzuia wanga, vilivyotengenezwa kwa kizuizi cha maharage, viliponunuliwa kwa fujo na watu waliotaka kula wanga bila kunenepa. Watafiti waliwalisha watu mlo wenye wanga mwingi pamoja na vidonge, wakakusanya kinyesi na kupima nishati iliyotoka. Haikuongezeka. Wanga wote ulikuwa umemeng'enywa kama kawaida, na mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikaviondoa sokoni. Kama kizuizi kilichokolezwa makusudi ndani ya kidonge kilishindwa, kile kilichobaki kwenye kipande cha mkate kilichookwa hakina njia ya kukufanya uoze.

Hiyo haina maana kwamba protini hizi hazina neno kabisa. Mwaka 2012 kundi la watafiti likiwa na Detlef Schuppan wa Mainz, Ujerumani, lilionyesha kwamba vizuizi vya alfa-amilesi na tripsini vinaweza kuamsha chembe za kinga za mwili. Njia yenyewe haina uhusiano na kubana vimeng'enya: protini hizo hugusa kipokezi cha kinga kilekile kinachotambua bakteria. Kama jambo hili ndilo linalowasumbua baadhi ya watu wanaosema mkate unawakera ilhali hawana ugonjwa wa siliaki, bado linachunguzwa. Ugonjwa wa siliaki wenyewe husababishwa na gluteni, na mwenye nao hasaidiwi na unga uliopunguzwa vizuizi. Madhara yasiyo na ubishi ya protini hizi yako puani: ni miongoni mwa vitu vikuu vinavyoleta pumu ya waokaji, inayotokana na kuvuta vumbi la unga mwaka baada ya mwaka. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika juu ya vifua vya waokaji na wasagaji mwaka 1700. Na hapa kuna kejeli kidogo: amilesi ya ukungu inayoongezwa kwenye unga nayo ni kisababishi kinachojulikana cha pumu hiyohiyo. Anayepima kiboreshaji cha unga avae barakoa, avimimine taratibu, asirushe.

Wengine hukimbilia "ngano za kale". Zisiwekwe kapu moja. Ile ya kale kabisa kati ya zilizolimwa, Triticum monococcum, kweli ina vizuizi vya amilesi vichache sana, kwa kuwa haina sehemu za urithi ambazo ngano ya mkate ilizipata kwa kuchanganyika na nyasi nyingine, na humo ndimo mlimo na jeni nyingi za vizuizi hivyo. Gluteni anayo, tena dhaifu, donge lake linanata na kutambaa. Spelti na nyingine zilizochanganyika kama ngano ya kawaida hazina nafuu hiyo. Chachu ya kulaza usiku kucha nayo inasifiwa kwamba "inaondoa vizuizi". Inachofanya kwa uhakika ni kingine: muda mrefu unawapa hamira nafasi ya kula fruktani, sukari za mnyororo zinazowajaza gesi watu wenye matumbo mepesi. Wengi wanaoona mkate wa chachu unawakalia vizuri huenda wanashukuru kuondolewa kwa kizuizi ambacho hakikuwa na kosa.

Kwa anayeoka na kutaka kujua unga wake mpya unabana kiasi gani, hahitaji maabara. Gawanya unga na maji yaleyale katika madonge matatu: moja bila kiboreshaji, la pili nusu ya dozi, la tatu dozi kamili. Yafunike, yaache nusu saa, kisha yabonyeze kwa kidole kilichopakwa unga. Kama la tatu halina tofauti na la kwanza, vijiti vimeshinda, ongeza kidogo kidogo. Kama la pili tayari linashika kidole na kukivuta, punguza kabla hujakanda gunia zima.